Siku Niliyoigiza Kutokwa Damu

Mimba yangu ilikuwa ya miezi minane nilipokubali kuigiza mzazi anayetokwa damu, katika kituo cha afya nje kidogo ya Sumbawanga nilikofanya kazi ya ukarani. Mkunga mkufunzi kutoka Mbeya alitaka kuona wauguzi wangefanya nini.

"Usicheke, mama, umezimia," muuguzi aliniambia, akakimbilia dripu.

Kabati la dripu na dawa lilikuwa na kufuli. Tangu maduka ya dawa ya watu binafsi yafunguliwe mtaa wa Majengo, dawa zetu zilikuwa zikiibwa na kuuzwa huko, kwa hiyo mkuu wa kituo alitembea na ufunguo mfukoni. Siku hiyo alikuwa amesafiri nao kwenda Mtowisa.

"Basi tuishie hapa, dada," muuguzi alimwambia mkunga.

"Na damu nayo imeishia hapo?" mkunga aliuliza. "Endeleeni."

Wakahangaika na kufuli. Mimi nilitazama dari, mtoto akinipiga teke, na kicheko kikanikauka. Mwezi uliofuata ningelala kwenye kitanda hicho hicho.

"Haya, mama ameshakufa," mkunga alisema kwa upole. "Inuka."

Sikuinuka. Nilishika chuma cha kitanda, nikawaambia sishuki mpaka dripu ziwekwe chumba cha kuzalia, bila kufungiwa.

Muuguzi alinitazama, kisha akaenda kutafuta nyundo.