Pasi ya Mama

Swichi kubwa imekata tena leo, na jikoni kunanuka waya ulioungua. Harufu hiyo naijua tangu utotoni.

Kwetu kijijini Kanga umeme ulikuwa ukikata hivi hivi, na baba alikuwa na jibu moja: "Pasi ya mama yenu hiyo." Akaifungia kabatini. Mama akaenda kwenye maulidi na nguo zenye makunyanzi, wanawake wenzake wakimtazama kuanzia utosini hadi miguuni.

Aliporudi hakuvua hata baibui. Alichomoa kila kitu, akapandisha swichi, kisha akachomeka kimoja kimoja. Redio ikaimba. Feni ikazunguka. Alipochomeka friji, swichi ikaanguka.

Tukalivuta friji. Nyuma yake panya alikuwa ameguguna waya akafia hapo hapo, upande mmoja amebanikwa, upande wa pili funza wanatambaa. Maji yake yalikuwa yamechuruzika sakafuni, nami nilikuwa pekupeku. Nikatapika.

"Baba watoto, njoo uione pasi yangu," mama akaita.

Baba akamburura panya kwa mkia, akamtupa nje, akauviringisha waya kwa kipande cha nailoni. Kisha, kwa vidole vile vile, akafungua friji, akatoa samaki changu wa jana, akamega.

"Haya, pigeni pasi," akasema huku anatafuna.

Pasi yangu ipo juu ya kabati, sijaigusa wiki nzima. Mume wangu anapaza sauti kutoka sebuleni:

"Umechomeka pasi tena, wewe?"