Mpima Mvua Asiyejua Kusoma

Cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa cha daraja la tatu, na kwa daraja hilo nikapewa kazi ya mvua. Sikuwa nimeomba mvua. Niliomba kazi yoyote, kama tulivyoomba wote, na barua ikanifuata kwetu Upare milimani ikisema niripoti Mtwara, kwenye ofisi ya kilimo, niwe karani wa takwimu. Kuhusu mvua nilijua kulowa tu.

Nilipanga chumba Shangani, katika nyumba ya mfanyakazi wa bandari ambaye naye alikuwa mtu wa kuja. Yeye alikuwa na mke na watoto. Mimi nilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa na redio iliyokoroma kuliko ilivyosema. Jioni watu walitembea ufukweni wawili wawili, nami nikatembea nyuma yao utadhani nimetumwa kuwafuata. Ofisini tulisalimiana vizuri mno, ndugu hapa, ndugu pale, na saa za kazi zikiisha kila ndugu alifunga droo yake akaenda kwake. Kuna Jumapili nilitoka kanisani nikagundua kwamba tangu Ijumaa sikuwa nimemtamkia mtu neno zaidi ya "amina".

Ndiyo maana niliisubiri kila tarehe mosi. Siku hiyo nilichukua baiskeli ya ofisi nikaenda kijiji cha Ziwani kukusanya hesabu za mvua za mwezi uliopita. Njia ilikuwa ya mchanga, na nusu ya safari niliisukuma baiskeli badala ya kuipanda, lakini sikumbuki hata mara moja nilipolalamika.

Mpima mvua wetu wa Ziwani alikuwa mkulima wa muhogo na korosho, mtu wa miaka kama arobaini. Chombo cha kupimia kilisimama uwanjani kwake, kimezungushiwa miiba ili mbuzi wasinywe takwimu za serikali. Kila siku saa tatu asubuhi aliyamimina maji yake katika bilauri yenye mistari, akasoma, akaandika katika daftari. Aliifanya kazi hiyo miaka mingi kabla yangu, na miaka yote hiyo alikuwa kibarua.

Mara ya kwanza aliponionyesha lile daftari nilidhani ni dua za kuombea mvua, maana lilijaa herufi za Kiarabu toka jalada hadi jalada. Kumbe kilikuwa Kiswahili kitupu. Aliandika kwa herufi alizofundishwa madrasa alipokuwa mdogo, na hizi zetu za shule hakuzijua. Kwa hiyo yeye alinisomea na mimi nikajaza fomu.

"Tarehe tisa," alisoma, "milimita kumi na mbili. Ilianza baada ya adhuhuri, ikaja na upepo wa baharini, maua ya mikorosho yakapukutika sana upande wa bondeni."

Fomu ilitaka milimita tu. Nikaandika kumi na mbili.

Tukimaliza, mkewe, ambaye nilimwita shemeji, alileta ugali wa muhogo na mchuzi wa nazi. Siku ya kwanza mchuzi ulikuwa wa pweza. Mimi mtu wa milimani niliitazama ile mikono yenye vikombe vya kunatia nikasita.

"Kula, Karani," mwenyeji wangu akasema. "Huyo kashakufa, hawezi kukushika nkono."

Walicheka mpaka nikacheka nao, na nilipocheka ndipo nilipotambua ni muda gani sijacheka. Nilikaa pale mpaka jua likaanza kushuka. Tangu siku ile kila mwezi nilikaa hivyo hivyo, kazi ya saa moja ikinichukua siku nzima, na ofisini nilisingizia mchanga.

Kitu kimoja alikitaka: barua ya ajira. Kila nilipofika, kabla sijaegemeza baiskeli, aliuliza kama imekuja. Hakutaka cheo. Alitaka karatasi yenye mhuri inayosema kwamba huyu ndiye mpima mvua wa Ziwani, maana majirani walimwambia anachezea maji kila asubuhi mtu mzima.

Mwezi mmoja akaniomba nimfundishe herufi za shule. Alikuwa amejaribu kwenye kisomo cha watu wazima pale kijijini, lakini mwalimu alikuwa mpwa wake, kijana aliyemaliza la saba juzi tu, akamsimamisha mbele za watu atamke a, e, i, o, u. Siku ya pili hakurudi.

"Wewe nifundishe hapa hapa, Karani. Najua kuandika, nabadilisha nguo tu."

Nikasema, "Hamna taabu, kaka. Mwezi ujao tutaanza."

Mwezi uliofuata nikasema nimesahau kuleta kitabu. Uliofuata tena nikasema tungoje mavuno ya korosho yapite. Naye hakunisukuma, kwa kuwa mimi ndiye mwenye cheti.

Baada ya muda waraka ukafika ofisini. Vibarua wote waorodheshwe: wanaojua kusoma na kuandika wathibitishwe kazini, wasiojua nafasi zao wapewe vijana waliomaliza darasa la saba. Nilimwendea mkuu wangu nikamweleza kuhusu mpima mvua wa Ziwani na daftari lake.

"Wewe unaweza kulisoma hilo daftari?" akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Mimi je?"

Nikasema hapana tena, nikaishia hapo. Nilikuwa bado kwenye majaribio.

"Basi hajui kuandika. Jaza fomu."

Nikaenda Ziwani na fomu na wino wa mhuri. Nilimsomea kila swali kwa sauti. Kwenye swali la kusoma na kuandika nilisoma haraka, nikaandika "hapana" huku nikiinama ili asiuone uso wangu. Chini palikuwa na mstari wa sahihi, na kando yake kisanduku cha dole gumba kwa wasiojua kuandika. Yeye alikuwa ameshanyoosha mkono apokee kalamu.

Nikamwambia, "Si kalamu, kaka. Ni dole."

Alinitazama kidogo. Kisha akanipa mkono wake, nikakishika mimi mwenyewe kidole chake nikakipaka wino, nikakikandamiza kwenye kile kisanduku. Siku ile nilikula, kwa sababu shemeji alikuwa ameshapakua, lakini hakuna aliyenitania.

Kazi akapewa yule yule mpwa wake. Mwezi wa kwanza wa kijana huyo fomu ilikuja ofisini yenyewe, imeletwa na lori la korosho, imejazwa kwa mwandiko safi sana. Siku tatu zilionyesha mvua ambayo hata Shangani hatukuiona wala kuisikia. Mkuu wangu alisifu mwandiko. Mimi sikuwa na safari tena, kwa kuwa sasa Ziwani palikuwa na mtu anayejua kujaza fomu.

Hapo ndipo nilipolazimika kujiambia ukweli, chumbani, na ile redio ikikoroma. Kitabu sikuwahi kukisahau. Kilikuwa sandukuni tangu ule mwezi wa kwanza niliposema nimekisahau. Mtu anayejua kuandika kama yeye angezijua zile herufi kwa wiki chache, halafu angejaza fomu mwenyewe na kuituma kwa lori, na mimi ningebaki mjini na jiko langu. Nilimnyima herufi ili nipate pa kwenda kula. Nilijichukia, na bado nilipakumbuka kwake.

Nikaazima baiskeli ya baba mwenye nyumba, Jumamosi, nikaenda. Nilimkuta anamenya muhogo kibarazani. Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: kitabu, lori, chumba cha Shangani, jinsi nilivyoogopa kupoteza siku yangu moja ya mwezi. Nikasema sasa nimekuja kumfundisha, kila Jumamosi, bure, mpaka ajue.

Aliendelea kumenya mpaka akamaliza kipande alichoshika, akakitia kwenye beseni la maji.

"Ungekuja tu, Karani," akasema. "Nani alikwambia kwetu ntu huja na fomu?"

Akachukua muhogo mwingine akaendelea kumenya. Shemeji alichungulia mlangoni akaniuliza kama nitakula. Nikasema nimeshiba, nikageuza baiskeli, nikaisukuma mchangani hadi barabara kuu.