Waifai Ndani ya Kabati la Bibi

Mtihani ulikuwa unaanza saa nne asubuhi, na mlango wa kuingilia ulikuwa unafungwa saa nne na robo. Ukichelewa umekosa, hakuna kubembeleza mtu. Ndivyo ujumbe ulivyosema, nami nilikuwa nimeusoma mara nyingi mpaka ningeweza kuusema nikiwa usingizini. Ulikuwa mtihani wa mchujo wa kozi ya kuendesha kreni bandarini. Kreni jamani! Zile zinazonyanyua kontena zima kama mtu anavyonyanyua kikombe cha kahawa. Tangu nimalize kidato cha nne nilikuwa nyumbani kwa bibi yangu, nyuma kidogo ya barabara ya Ndia Kuu, nikijifunza kushona kofia, na kofia yangu ya kwanza haikuingia kichwa cha mtu yeyote mtaani. Tulijaribu vichwa vingi. Hata mtoto wa jirani ilimbana. Kwa hivyo mimi na mtihani ule tulikuwa na mambo yetu.

Mtihani ulikuwa wa mtandaoni, na ulitaka kompyuta yenye kamera. Simu haikubaliki, na kompyuta za saiba ya Makadara, pale pa kulipia intaneti, hazina kamera. Simu yangu yenyewe ilikuwa kwa fundi Mwembe Tayari, kioo kimepasuka. Nilichokuwa nacho ni laptopu ya zamani ya mjomba, ambayo betri yake imekufa kabisa, inaishi kwa waya. Stima zikipotea, nayo yazirai.

Na alfajiri ile stima zilipotea. Zikarudi saa mbili. Nikaiwasha laptopu, nikaketi mbele yake na vikombe viwili vya chai tumboni, yaani nimekunywa chai mpaka nasikia ikicheza ndani, nikatafuta waifai.

Hakuna. Si yetu, si ya jirani, hakuna hata moja. Orodha nyeupe kama kanzu ya Ijumaa.

"Bibi! Umeifanya nini laptopu?"

"Nimeifuta vumbi," alijibu kutoka jikoni. "Ilikuwa yatia aibu. Nimeifuta vizuri, kila kidude."

Kila kidude. Nikaangalia chini ya kioo, nikaona kialama cha ndege. Bibi alipokuwa akisugua vitufe jana yake aliiweka laptopu katika hali ya ndegeni, ile inayozima mawasiliano yote. Nikabonyeza kitufe chenye ndege, waifai za mtaa mzima zikajitokeza. Nikacheka peke yangu. Nikajiambia, kumbe mimi fundi!

Ufundi wangu ulidumu dakika moja. Waifai yetu ilikuwa na mstari mmoja tu, tena unakuja ukienda. Nikibonyeza kuunganisha, kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha kinaniambia imeshindikana. Na mimi kungoja sikuumbiwa. Nikabonyeza mara kumi kwa pupa, kama vile laptopu ingenionea huruma.

Sasa lazima niseme rauta, kile kisanduku kinachotoa waifai, ilikaa wapi. Waya wa intaneti uliletwa na kaka wa juu, mpangaji wetu, mtu wa bara anayefanya kazi ya ukarani bandarini. Yeye ndiye aliyenionyesha tangazo la kozi. Waya ulipita dirisha la ukumbi wetu, kwa hivyo rauta ikabaki chini kwetu, na sote tukawa tunaitumia. Kaka wa juu aliiweka juu ya meza. Bibi akaona haifai. Kitu kinachowakawaka taa usiku na mchana, wageni wakiingia watakitia jicho. Akaivika kitambaa chake cha kufuma, kile cheupe chenye maua, akaifungia ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya sinia za shaba. Sinia tatu, kubwa, zimesimamishwa kama ngao. Kabati lile hufunguliwa Idi mbili tu, na ufunguo umefungwa kwenye pindo la leso ya Bibi.

Nilijua iko mle siku zote. Ila siku zote nilikuwa natumia simu, tena nikiwa nimeegemea kabati lenyewe, kwa hivyo sikuwahi kujiuliza.

"Bibi, naomba ufunguo."

"Idi imefika?"

"Rauta inataka hewa. Sinia zinaizuia, haisikiki."

"Kwani yasema?"

"Bibi! Nitakosa mtihani!"

Akafungua, lakini kwa taratibu zake. Sinia ya kwanza akaitoa, akaipangusa. Ya pili akaitoa, akaitazama, akanieleza ilitoka kwa nani na alipewa kwa sababu gani. Mimi nimesimama nyuma yake nikirukaruka kama mtu aliyekanyaga moto. Ya tatu nikaitoa mwenyewe. Rauta ilikuwa ya moto chini ya kile kitambaa, maskini, imejifunika kama mgonjwa wa homa. Nikaipeleka juu ya meza, nikampigia kelele kaka wa juu kupitia ngazi:

"Kaka! Nimeitoa rauta kabatini! Nifanye nini sasa?"

Hatua nzito juu ya vichwa vyetu.

"Umeitoa wapi?"

"Kabatini!"

"Kabati gani?"

"La vyombo! Nyuma ya sinia!"

"Miezi yote hii," ilisema sauti yake ngazini, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba, "mimi napigia kampuni simu. Nimewagombeza wale watu. Nimewaita wezi."

"Waombe radhi," Bibi akamjibu. "Na rauta yako haikuibwa hata siku moja."

Kaka wa juu akatuambia tuichomoe kwenye stima, tuhesabu mpaka thelathini, tuirudishe. Nikachomoa. Nikahesabu moja, mbili, tano, kumi, thelathini. Bibi akanipiga kofi mkononi. Akatoa tasbihi yake, akaanza kuhesabu punje moja moja, macho ameyafumba, na ile tasbihi ina punje thelathini na tatu, kwa hivyo tulingoja zote thelathini na tatu. Nikadhani nitapasuka. Akachomeka mwenyewe. Taa zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine, na kwenye laptopu mistari ikajaa yote! Nikamkumbatia, nikamzungusha, yeye akisema niwache, niwache, leso yanivuka.

Basi nikafungua ukurasa wa mtihani. Ukakataa. Ukanitolea onyo jekundu kwamba muunganisho si salama, na chini yake, kwa herufi ndogo: saa yako iko nyuma.

Nikaangalia pembeni ya kioo. Laptopu ilikuwa inadhani tuko mwaka ambao mimi sijaanza hata chekechea. Hili kaka wa juu alishanieleza: ndani ya kompyuta mna kijibetri kama cha saa ya mkono, kazi yake ni kukumbuka tarehe stima zikipotea. Kikifa, kompyuta ikizimika inaamka imerudi zamani. Na mitandao haipendi mgeni anayetoka zamani.

Rahisi! Nikaingia mahali pa kurekebisha saa. Tarehe nikaitoa kwenye kalenda ya ukutani. Saa nikaitoa kwenye saa ya ukutani, pale pale juu ya kalenda: saa tatu na dakika thelathini na tano. Nikaandika tatu, nikaandika thelathini na tano, nikabonyeza sawa. Ukurasa ukafunguka kama pazia. Jina langu likatokea, na picha yangu ya kitambulisho ambayo nimefumba jicho moja, na chini kitufe kipana cha kuanzia. Kilikuwa cha kijivu, hakibonyezeki. Kimeandikwa kwamba kitafunguka chenyewe muda ukifika.

Nikaketi kungoja. Nikafunga buibui vizuri, nikalifungua, nikalifunga tena. Bibi akaniletea mahamri mawili na mbaazi, nikala moja, la pili nikamrudishia kwa kuwa sitaki mafuta kwenye vitufe. Ikafika saa nne kasoro tano. Kasoro mbili. Saa nne kamili.

Kijivu.

Nikabonyeza kuupakia ukurasa upya. Kijivu. Nikahesabu mpaka kumi kwa kasi, nikabonyeza tena. Kijivu. Saa nne na dakika tatu, na tano. Nikazima waifai ya laptopu, nikaiwasha. Mistari imejaa yote, na kitufe kijivu vile vile! Nikaanza kulia na kucheka pamoja, sijui hata nilikuwa nafanya lipi. Nikaishika rauta niichomoe tena.

"Wacha!" Kaka wa juu alikuwa ameshuka, viatu vimepigwa rangi, kitambulisho cha kazi shingoni. "Shikamoo Bibi. Wewe, wacha hiyo rauta, utaharibu. Saa hizi ni nne na dakika nane, bado hujaingia?"

"Mtandao wako mbovu!"

"Mtandao uko sawa." Akaangalia simu yake, akafungua video ya mpira hapo hapo, ikacheza bila kukwama, na nikaona kwenye uso wake furaha ya mtu aliyeteswa na sinia miezi mingi. "Uko sawa kabisa! Ona huyu kipa!"

"Kaka, kipa wa nini! Kitufe hakifunguki!"

Akainama, akaangalia kila mahali anapojua. Ukurasa sawa. Jina sawa. Kamera sawa, tulijiona sote wawili, mimi na macho mekundu na yeye na meno. Dakika ya kumi. Akakuna kichwa. Mimi nikaona kofia mbele yangu, kofia juu ya kofia, mpaka siku ya kufa, na hakuna hata moja inayoingia kichwa cha mtu.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yetu na sinia mikononi. Akanyoosha kidole pembeni ya kioo.

"Kwani hii mashini yasema saa ngapi?"

"Nne na kumi, Bibi," nikasema. "Ndiyo hiyo."

"Na saa yangu yasema nne na kumi."

"Ndiyo!"

"Basi mashini yako imeharibika," akasema. "Kila mtu wa bara akiingia humu hutazama saa yangu akaniambia mbovu. Aliyekuja kusoma mita ya stima alinicheka. Na huyu," akamwelekeza kaka wa juu, "siku ya kwanza alitaka kunirekebishia. Wale wa mtihani si watu wa maofisini? Wao watakubali vipi saa kama yangu?"

Tukatazamana, mimi na kaka wa juu. Kisha tukaitazama saa ya ukutani. Marehemu babu aliiweka ile saa kama tunavyosema saa sisi wenyewe: jua likichomoza ni kumi na mbili, ukisema saa nne mshale uko kwenye nne. Nimekua chini yake. Sikuwahi kuona kama ina kasoro. Nami nikachukua mshale ule ule, nikauingiza kwenye laptopu, laptopu ikasadiki kwamba ni saa kumi ya usiku, watu wamelala. Kitufe kilikuwa kinafuata saa ya laptopu! Kilikuwa kinangoja asubuhi!

"Ongeza sita," kaka wa juu akanong'ona.

Vidole havikunisikia. Nikaandika kumi na sita, nikafuta, nikaandika mia na moja sijui kwa nini, nikafuta, kaka akawa anasema kumi, kumi, andika kumi tu! Nikaandika kumi. Dakika kumi na mbili. Nikapakia ukurasa upya.

Kijani!

Nikapiga ukelele, nikabonyeza. Likatokea onyo kwamba kwenye chumba asiwepo mtu mwingine yeyote mbele ya kamera. Kaka wa juu akaruka nje mpaka mlangoni. Bibi alikuwa upande wa pili, hawezi kutoka bila kupita nyuma yangu, kwa hivyo akaketi chini ya meza, mtu mzima yule, na sinia yake kifuani, akajifunika leso. Nilifanya maswali arobaini na bibi yangu miguuni pangu. Uzito wa kontena, ishara za mikono, upepo ukivuma ufanye nini. Kila nikijibu nilikuwa nasikia anapumua "Allahumma" chini kule, na swali la ishirini na saba nikashikwa na kicheko, nikalazimika kujifinya paja, maana kamera inaona.

Nikamaliza. Nikabonyeza kutuma. Kiduara kikazunguka. Nikakitazama bila kupepesa. Bibi akatoa kichwa chini ya meza: "Yasemaje?" Nikamwambia ngoja. Mimi, kumwambia mtu ngoja!

Kisha yakatokea maandishi mafupi. Nimefaulu mchujo. Niende bandarini nikiwa na vyeti halisi kwa mazoezi ya vitendo.

Nikamwonyesha kwa kidole. Bibi hakusoma, alinitazama uso, na uso ulimtosha. Akatoka chini ya meza akapiga kigelegele kilichotikisa vyombo kabatini, akaipiga sinia kwa kiganja kama ngoma.

Dirisha la ng'ambo likafunguka.

"Kuna nini huko? Nani aolewa?"

"Haolewi mtu!" Bibi akajibu kwa sauti ya mnada. "Mjukuu wangu aenda kuendesha kreni!"

Kichwa kikachomoza dirishani.

"Kreni ile ya bandarini?"

"Ndiyo hiyo! Kubwa!"

"Haya basi!" likasema dirisha, likapiga kigelegele chake, na dirisha la juu yake likaitikia, na mwingine kule chochoroni akaitikia ambaye sidhani alijua anaitikia nini. Kaka wa juu alikuwa bado mlangoni, kazini keshachelewa, anapiga makofi.