Kelele za Uwanja Mtupu

Jumamosi iliyopita nililipa kiingilio kuona mpira hapa Mbale, na nikajuta kabla sijaketi. Mchezo wenyewe haukuwa mbaya. Ila bei ilikuwa imepandishwa tangu msimu uanze, na watu walikuwa wamejibu kwa kubaki majumbani mwao. Jukwaa zima tulikuwa wachache, tumeketi mbali mbali kama wagonjwa wanaomsubiri daktari. Nilisikia mpira ukigonga goti la beki. Nilimsikia kipa akikohoa. Mwenzangu wa kazini, aliyenisindikiza kwa kunihurumia tu, akasema, "Wewe umelipa pesa yote hii kusikiliza upepo? Twende kibandani kwenye runinga, huko kuna watu na kuna mpira wa Ulaya." Nilicheka tu. Nilikuwa naitazama spika iliyofungwa juu ya nguzo, nikiomba isiwashwe.

Haikuwashwa. Lakini hofu ile nimekaa nayo wiki nzima, na wewe unanijua: kitu kikiniingia kichwani sikiachi mpaka nikinyooshe. Mwanzo wa habari hii nimeuandika na kuufuta mara nyingi kiasi cha kuona aibu. Kiswahili cha kuandika nilijifundisha mwenyewe, kwa redio na vitabu vya mitumba, na kila sentensi naipita kama mtu mwenye viatu vyeupe kwenye tope. Nivumilie.

Nimekulia Mafubira, juu kidogo ya mji wa Jinja, kwa jaja yangu, bibi mzaa mama. Babu alikuwa askari magereza aliyetoka kaskazini. Jaja ni Msoga wa Buwenge. Yeye hakuijua lugha ya babu, na babu hakuiweza Lusoga hata kidogo, basi wakaishi katikati, katika Kiswahili. Majirani hawakukipenda. Kwao kilikuwa lugha ya wanajeshi kwenye vizuizi vya barabarani na ya watu wanaogonga mlango kwa kitako cha bunduki. Mama wa nyumba ya pili aliwahi kumwambia jaja, "Hiyo lugha yenu inanitia baridi." Kwetu ilikuwa lugha ya kuulizana kama chumvi imetosha.

Siku za mechi zilianza na karanga. Jaja alizikaanga uani kwenye sufuria pana, akizigeuza kwa mwiko usiopumzika, mpaka harufu ya maganda yanayoungua ikaingia kwenye nywele zetu na kulala humo hadi kesho yake. Alizipepeta kwa ungo, maganda mekundu yakaruka na kunitua miguuni, nami nikaviringa vipande vya gazeti kuwa vifuko. Nilivikunja upya vile vilivyopinda. Jaja alisema, "Mtoto huyu, watu wanakula karanga, hawali karatasi." Mchana tulibeba beseni hadi getini mwa uwanja, ambako babu alikuwa ameshatangulia na kofia yake ya kazi, ingawa alikuwa amestaafu.

Kiingilio wakati ule kilikuwa bei ya rolex moja, ile chapati inayoviringwa na mayai. Wasiokuwa nayo walingoja nje bila kinyongo, kwa sababu uwanja wetu ulikuwa na desturi yake. Kipindi cha pili kikizeeka, askari wa getini aliliachia geti, na kila aliyekuwa nje akaingia bure. Tuliziita dakika za Mungu. Waliingia waendesha boda, wauza miwa, wanawake waliotoka sokoni na mizigo vichwani, na sisi watoto tukipita chini ya makwapa yao. Uwanja ulivimba ghafla. Timu yetu ilifunga sana katika dakika hizo. Wageni walisema ni uchawi. Babu alisema ni watu. "Mpira wanacheza watu wa nje," alikuwa akituambia. "Wale wa ndani wanakimbia tu."

Babu alikuwa na ukelele wake mmoja, wa mechi zote: "Peleka pembeni, watoto! Pembeniii!" Aliutoa hata mpira ukiwa tayari pembeni. Aliutoa hata nyumbani, mbele ya redio, na kuku wakakimbia. Jaja hakuwahi kuingia uwanjani. Mahali pake palikuwa nje, kwenye beseni, ambako sauti zote zilifika zimechanganyika kama mvua inayokuja kutoka ziwani. Lakini babu akirudi jioni bila koo, jaja alijua mechi ilivyokuwa. Alimpa maji ya moto na asali, akamwambia, "Haya, mzee yangu, nani alipeleka pembeni leo?"

Babu alifariki msimu ule timu ilipofanya vizuri kuliko wakati wowote. Kilikuwa kifua. Zilibaki picha zake na kofia. Sauti yake hatukuwa nayo popote. Nani alifikiri kurekodi sauti ya mtu ambaye hanyamazi?

Msimu uliofuata timu ikapata mwenyekiti mpya, mfanyabiashara. Alikuwa ameuona uwanja umefurika, akawaza kama mtu wa duka: kama wote hawa wanalipa kidogo, je, wakilipa zaidi? Akaezeka bati jipya juu ya jukwaa, akaweka viti vya plastiki, na kiingilio kikapanda hadi bei ya kilo ya sukari na kipande cha sabuni juu yake. Watu wangenung'unika na kuzoea, nadhani. Lakini alifuta na dakika za Mungu. "Mpira si sadaka," alisema redioni. Hapo ndipo alipowakosea, kwa sababu hata waliokuwa na pesa walikuwa na ndugu na rafiki waliosubiri nje, na mtu hafurahii goli huku ndugu yake akichungulia kwenye ufa wa ukuta. Mechi ya kwanza uwanja ulipungua. Za baadaye wakabaki jamaa za wachezaji na askari wa kulinda viti. Wanaume wa Mafubira walihamia kibandani.

Mechi zetu zilitangazwa redioni, na mwenyekiti akaona aibu kwa ukimya uliosikika mji mzima. Basi kijana wa vipaza sauti akatafuta rekodi aliyoichukua msimu uliopita, siku timu ya Mbale ilipokuja na watu wakapanda hadi juu ya ukuta. Akaifungulia kwenye spika kuanzia filimbi ya kwanza.

Sijui nikuelezeje ilivyokuwa kwa sisi tuliokuwa nje. Barabara ilikuwa tupu. Karanga zilikuwa zinapoa mbele yetu, hakuna wa kuonja. Na nyuma ya ukuta, umati wa watu ulikuwa unapiga kelele. Mwendesha boda mmoja alisimama, akamuuliza jaja, "Mama, mbona ndani kumejaa na nje hakuna hata pikipiki?" Akaenda kuchungulia kwenye ufa. Alirudi amebadilika uso, akapiga kiki, akaondoka bila kuaga.

Siku moja mwenyekiti alikuwa na wageni, akatuma tuletewe habari kwamba anataka karanga. Ndipo jaja alipoingia uwanjani kwa mara ya kwanza maishani mwake, nami nyuma yake na beseni. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa safi, vyekundu, havina mtu, na vilikuwa vinatetemeka kidogo kwa kishindo cha spika. Umati ukashangilia goli, sauti ya kupasua anga, wakati beki wetu alikuwa amesimama ameshika mpira kiunoni akingoja kurusha. Kipa wa wageni akageuka nyuma kutazama wavu wake. Kisha kelele zikashuka kama zinavyoshuka watu wakivuta pumzi, na katika mwanya ule ikatoka sauti moja.

"Peleka pembeni, watoto! Pembeniii!"

Jaja alikuwa anampimia mgeni karanga. Aligeuka kama unavyogeuka ukiitwa kutoka chumba cha pili, akasema, "Naam?" Uwanjani, winga wetu mmoja aliyemjua babu alikimbia hadi kwenye mstari, peke yake, bila mpira.

Mechi iliyofuata jaja alitaka kuingia tena. Askari wa getini, ambaye alikuwa amekula karanga zake miaka yote, aliangalia chini. "Jaja, bei ni bei. Mimi pia wananiangalia."

"Mwanangu, hata wewe?"

"Ningekuwa na geti langu, jaja, ungelala humo."

Basi jaja akafungua kitambaa chake kiunoni, akanunua tiketi. Pale getini biashara yetu ilikuwa imekufa kwa sababu ya bei hiyo hiyo, na sasa yeye ndiye pekee aliyeilipa bila kushurutishwa. Aliketi chini ya nguzo ya spika, akaondoa kilemba masikioni, mikono juu ya mapaja, akangoja. Sauti ilikuja pale pale, kabla kidogo ya mapumziko. Alitikisa kichwa, akasema polepole, "Nimesikia, mzee." Kisha akatoka. Kipindi cha pili hakukihitaji. Aliendelea hivyo kila timu ilipocheza nyumbani. Chai yetu ikawa haina sukari. Alichouza cha kwanza kilikuwa jogoo, na baadaye kitanda cha babu.

Mama alikuwa akifanya kazi huku Mbale. Aliposikia, alikuja amefura. "Mama, unalipa pesa kusikiliza rekodi? Na huyo si baba! Siku rekodi hiyo ilipochukuliwa baba alikuwa kwangu Mbale, hospitalini. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani."

"Mgonjwa halali saa zote," alisema jaja.

"Alikuwa hawezi hata kuomba maji!"

"Mimi nimelisha huyo mtu tangu wewe hujazaliwa. Siwezi jua sauti yake?"

Nilimwona mama akijipangusa mikono kwenye nguo kwa muda mrefu, na mikono yake ilikuwa mikavu. Mimi, kwa tabia yangu, nikamfuata kijana wa vipaza sauti kumuuliza kama alichanganya mechi mbili. Akasema hapana, ni ile ile ya Mbale, hajaikata popote. Nikaomba kwenda na jaja kusikiliza, macho nimeyafumba. Ilikuwa yeye. Nikasikiliza mara nyingine, haikuwa yeye. Mpaka leo sijaweza kulinyoosha jambo hilo, na ndilo linalonirudisha kwenye karatasi.

Kisha mwenyekiti akashindwa. Alichoka kuwalipa askari walinde viti, na wachezaji wake walianza kucheza kwa hofu; kipa mmoja alikataa kusimama kwenye goli lililokuwa chini ya ile nguzo. Siku moja ikatangazwa kwamba kiingilio kinarudi cha zamani, na dakika za Mungu zinarudi. Mafubira ilipiga vigelegele. Nami nilipiga. Jumamosi ile barabara ilijaa tangu asubuhi, karanga zikaisha kabla ya filimbi, na askari wa getini akamfungulia jaja akicheka: "Leo ingia bure, jaja, umenilipia mshahara msimu mzima!"

Jaja aliketi mahali pake chini ya nguzo, akibanwa na vijana kila upande. Spika ilikuwa kimya. Uwanja uliunguruma, watu wa kweli, jasho na vuvuzela na machungwa yanayomenywa. Mapumziko yalipokaribia aliondoa kilemba masikioni.

"Tulieni kidogo," aliwaambia wale vijana. "Anakaribia kusema."

"Nani, jaja?"

"Mzee."

"Jaja, huu ni mpira, si msiba! Kama ni mzee, mpigie simu!" Wakacheka, bila ubaya, mmoja akampa kipande cha chungwa. Alikipokea kwa mikono miwili. Alikishika mpaka mchezo ukaisha, juisi ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Tulimfuata kijana wa vipaza sauti. Alikuwa ameshaifuta rekodi ili apate nafasi ya nyimbo na matangazo ya sabuni. "Watu si wamerudi, jaja?" alisema kwa furaha ya kweli. "Ile ya nini tena?"

Hakulia. Aliendelea na biashara, ikashamiri kuliko zamani, na jogoo mwingine akanunuliwa. Ndani ya uwanja hakuingia tena. Lakini mchana mmoja, tukikaanga karanga uani, aliniambia bila kunitazama, "Wewe ulisikia vizuri. Hebu iseme."

Nikaisema. Akatikisa kichwa. "Chini zaidi. Huyo ni mtu mzima." Nikarudia. "Hapana, usiimalize haraka, alikuwa anaivuta hapo mwisho." Nilirudia, na kurudia, na unajua nilivyo, nilitaka iwe kamili. Karanga zikaanza kuungua na hakuna aliyezigeuza. Nikashusha kidevu, nikabana koo mahali ambapo babu alikuwa na kikohozi, nikaivuta ile "pembeni" mpaka pumzi ikaniishia.

Mwiko ulikuwa umesimama. Jaja alinitazama, lakini macho yake yalikuwa yamepita kidogo juu ya bega langu.

"Basi," alisema. "Inatosha. Usiiseme tena."

Sijaisema tena. Jaja naye ametangulia, mama hapendi tuyazungumze, na wale waliokuwa wakisubiri nje ya geti sasa wana watoto wanaojua wachezaji wa Ulaya kwa majina ya baba zao. Ninachokuandikia nimekipima kadiri ya uwezo wangu. Kitu kimoja kimenishinda. Nikitulia na kujaribu kuikumbuka sauti ya babu, yenyewe, kabla ya spika na kabla ya yote, haiji. Inayokuja ni yangu, ya utotoni, na nyuma yake jaja ananisahihisha.