Simu Iliyofuata Saa ya Ng'ambo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka, hata nikiwa nimetulia kanisani, macho yanatafuta saa ukutani. Wewe umepewa kishikwambi cha kufundishia na unakibeba kwa furaha. Sitaki kukuharibia furaha hiyo. Nataka tu uogope kidogo pale ambapo mimi sikuogopa.

Sikuwa kijana wa umri wakati ule, mvi zilishachungulia. Ila kwa simu za kugusa nilikuwa kijana kabisa, tena mwenye kiburi. Nilifundisha Biolojia katika shule moja nje kidogo ya mji wa Tunduma, shule isiyo na maabara ya maana, simu ikawa ndiyo maabara yangu. Alikuwapo binti mmoja, Tumaini, mtoto wa wakulima wa milima ya Ileje. Moyo wa mwanadamu ulimshinda kila nilipouchora ubaoni. Nikamwonyesha video, damu ikiingia huku na kutokea kule. Akaitazama mara tatu, kisha akasema taratibu, "Kumbe mwalimu hukuwa unatudanganya." Tangu siku ile nikaiamini simu kwa kila kitu. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Wiki ya mtihani wa kidato cha nne nilimlaza Tumaini kwangu, karibu na mpaka, maana alikopanga kulikuwa na kelele. Saa ya ukutani nilikuwa nimeitoa betri nikaitia kwenye rimoti. Nilimwambia mama mkwe wangu kwamba saa ya nini, wakati simu inajirekebisha yenyewe.

Siku ya Biolojia simu ilionyesha saa kumi na mbili na nusu, na mtihani ulikuwa saa mbili. Tukanywa chai bila haraka, Tumaini akirudia vyumba vya moyo. Mama mkwe akaingia na ndoo ya maji, akasimama mlangoni.

"Mkamwana, huyu mtoto hana mtihani leo?"

"Anao, mama. Bado mapema."

"Watoto wa shule ya msingi wamepita zamani. Hiyo simu yako imeenda Zambia."

Simu ilikuwa imedaka mtandao wa ng'ambo, ikarudi nyuma saa nzima, maana ndivyo saa za kule zilivyo. Kwetu ilikuwa saa moja na nusu. Kila mtu wa mpakani anajua jambo hilo, nami nilikuwa nalijua. Tulipanda bajaji, ikakwama kwenye foleni ya malori, tukashuka tukakimbia pembeni ya barabara. Mimi nilikuwa naomba kwa sauti, nimemshika mkono.

Aliingia chumba cha mtihani karatasi zikigawiwa. Nilibaki nje ya uzio mpaka walipotoka.

"Swali la moyo lilikuja, mwalimu," aliniambia. "Ila wangu ulikuwa unapiga sana, nikasahau vile vyumba."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Mtihani alifaulu, namshukuru Mungu, lakini Biolojia ilimpa alama ndogo, na unesi alioutamani akaukosa mwaka ule. Jioni ile nilimkuta mama mkwe amepanda kigoda, anarudisha betri kwenye saa ya ukutani.

Basi mwanangu, fundisha kwa kishikwambi chako. Usikifungie kabatini kwa woga, maana darasani mwako yupo mtoto ambaye ubao umemshinda, na huyo anakisubiri. Lakini jambo ambalo likiharibika atakayeumia ni mtoto, usiiachie mashine peke yake. Chungulia nje. Uliza mtu, hata kama hajui kushika simu. Mwenda pole hajikwai, na mimi nilijikwaa nikiwa nimemshika mkono mtoto wa mwenzangu.

Mungu akujalie wanafunzi wenye masikio. Na siku utakapokosea, akuletee mtu wa kusimama mlangoni na kukuuliza, mapema kuliko nilivyoulizwa mimi.