Risasi za Mwisho za Einar

Wanachama wa klabu ya shabaha, huko Wyoming, Marekani, walikuwa wakibishana tena kuhusu aina mbili za risasi, Valkyrie na Grendel, ipi hufika mbali bila kuishiwa nguvu. Lorna Haugen alikuwa akimimina kahawa aliposikia shemeji yake Dale akicheka.

"Grendel inachoka njiani. Marehemu kaka alidai ameitumia kupiga sahani ya chuma iliyo umbali wa yadi elfu moja. Nani alimwona?"

"Nilimwona mimi," Lorna alisema.

"Wewe mkewe, shemeji. Ungesema nini kingine?"

Mumewe Einar hakuwa mwongo, na Lorna hakukubali jina lake lichezewe. Alikwenda garini akaleta bunduki ya mumewe na risasi tatu za Grendel zilizobaki. Einar alizijaza mwenyewe mezani pao, akipima baruti punje kwa punje, kabla saratani haijamlaza. Kipimo chake hakumwachia mtu.

Lorna akailenga sahani ileile. Risasi ya kwanza ilipiga vumbi kando yake, maana upepo uliisukuma. Ya pili ilianguka chini kidogo. Dale alikohoa. Lorna akarekebisha darubini ya bunduki, akabana pumzi, akafyatua. Kitambo kikapita, kisha chuma kikalia kwa mbali.

Wanaume walivua kofia. Dale akainama, akaokota maganda matatu ya risasi, akampa. "Nisamehe, shemeji. Haya utayajaza tena."

"Nani atapima?" Lorna aliuliza.

Alibaki ameyashika mpaka yakapoa. Jina la mumewe lilikuwa limesafika, lakini kazi ya mwisho ya mikono yake ilikuwa imeishia kule kwenye chuma.