Macho ya Kungu

Mdogo wangu Shemsa alisifiwa macho kabla ya kusifiwa mikono, na hilo ndilo lililomponza. Mikono yake ilishona kofia za viua ambazo watu walizifuata mpaka kwetu Mkunazini, lakini nani husifia sindano? Walisifia kope. Kila ikifika alasiri zilimshuka nusu ya jicho, na wanawake wakamtania kuwa ana macho ya kungu, kama mtu aliyelewa kokwa ya kungu bila ya kuitafuna. Kwetu huo ni urembo. Wengine hurembua makusudi mbele ya kioo na bado hawaupati.

Msabah, Mtumbatu aliyefanya kazi bandarini, alimuoa mwaka wa sitini na sita. Mimi Kazija sikumpenda, nasema wazi, ila yeye alimpenda mdogo wangu. Tabu ilianza alipoona Shemsa anamtazama muuza duka kwa macho yale yale anayomtazamia yeye. Angemtazama kwa yapi? Asubuhi Shemsa alikuwa mzima. Jioni sindano anaiona mbili, tonge linamshinda kutafuna, sauti inapungua mpaka inatokea puani. Sisi tulisema ni uchovu, tukasema ni hasadi. Msabah akasema ni mwanamume.

Jioni moja, mimi nipo, alimsimamisha ukumbini akamtaka ainue macho na kuapa kwamba hana mtu. Shemsa akajitahidi. Kope zilitetemeka, zikarudi chini. Akafungua mdomo, neno halikutoka. Kwetu mwari akiulizwa kuhusu mume akanyamaza, kimya chake ni kukubali, na Msabah akakihesabu kimya hiki kwa hesabu hiyo hiyo. Akamtamkia talaka tatu kwa mpigo.

Nilimsihi amuulize tena asubuhi.

"Nshamuuliza," akasema, akatoka.

Shemsa alipofika hadi shingo kumlegea nilimpeleka hospitali. Daktari mgeni alimchoma sindano, na muda si muda kope zikapanda. Sikuwa nimeyaona macho ya mdogo wangu yakiwa wazi kiasi kile saa za alasiri kwa miaka. Akacheka kwa sauti yake kamili. Mimi nililia, kwa furaha na kwa hasira pamoja.

Daktari alieleza, na muuguzi wetu, Bi Mwanakheir, akatutafsiria kwa namna yake. Alisema mishipa ya fahamu imejengwa kwa chembe zenye mikia mirefu kama nyuzi, na habari hupita ndani yake mbio sana. Lakini uzi ukifika mwisho haugusani na jirani yake. Baina yao upo mwanya mdogo, jicho haliuoni.

"Sasa habari inafika kizingitini, inapiga hodi," alisema. "Chembe hii inatoa maji yake kidogo, yanavuka mwanya, ng'ambo ya pili inaitika karibu. Ndivyo zinavyosemezana zenyewe kwa zenyewe, na ndivyo zinavyousemesha mnofu. Kwa Shemsa hodi inapigwa kama kawaida. Mnofu ndio hauitiki. Sindano hii inaiweka hodi mlangoni muda zaidi."

Kwa hiyo hakukuwa na muuza duka wala kiburi. Nilimfuata Msabah bandarini nikamwambia yote mbele ya wenzake, kwa sauti, ili aone haya. Aliketi juu ya gunia la karafuu akashika kichwa. Kumrudia hawezi, talaka tatu ni maji yaliyomwagika. Akaomba radhi tu, nikamwambia radhi hiyo akaiombe kwa mwenyewe. Shemsa naye alikuwa ameshamsamehe. Alitaka kumwambia kwa kinywa chake, asiagizie mtu.

Tatizo ni kwamba vidonge alivyoandikiwa na daktari badala ya sindano vilikuwa vikipatikana leo, kesho havipo. Siku Msabah alipopata moyo wa kuja, vilikuwa vimekwisha, nami nimetoka kuvitafuta. Jirani alimwona. Alisimama mlangoni akapiga hodi tatu, kila moja akingoja. Hodi tatu zisipoitikiwa mtu hurudi, hata kama viatu vya mwenyewe anaviona pale chini. Akarudi. Siku ile ile akaenda zake Tumbatu, akiamini kwamba amekataliwa.

Asubuhi, sauti ilipomrudia kidogo, Shemsa alinishika mkono.

"Dada, nliitika," alisema. "Nlisema karibu mara zote tatu. Haikutoka."

Nilimtuma mtu Tumbatu akamwambie Msabah. Kabla hajafika, kifua cha mdogo wangu nacho kiliacha kuitika, akafariki.

Msabah alikuja matangani. Mlango ulikuwa wazi, watu wanaingia na kutoka bila ya kuuliza, lakini yeye alisimama kizingitini akapiga hodi. Nikamwitikia mimi.